Nyonga ya mume wangu haina simenti, ya mama mkwe wanataka kuitia. Nani anadanganywa hapa?

Shikamoo Mama,

Naishi Uyole, nina watoto watatu. Mume wangu ana miaka 48, ni dereva wa fuso, anapakia viazi Isyonje na kupeleka Dar. Zamani alianguka na pikipiki, nyonga ya kushoto ikachomoka, wakairudisha, maisha yakaendelea. Baada ya miaka kinena kikaanza kuuma, akawa anachechemea, mpaka soksi nikawa namvalisha mimi. Picha zikaonyesha kichwa cha fupa la paja kimekufa kwa kukosa damu. Tuliuza kipande cha shamba la parachichi tulichokuwa nacho Rungwe, akafanyiwa upasuaji Dar miezi saba iliyopita. Daktari alituambia amewekewa nyonga bandia ya aina isiyotumia simenti, kwamba mfupa wenyewe utaikamata.

Kinena kimepona kabisa, namshukuru Mungu. Ila sasa anaumwa paja, katikati, kwa mbele. Akiinuka kitini hatua nne tano za kwanza anakunja uso, halafu maumivu yanatulia anatembea. Pia anasema mguu huo umekuwa mrefu. Mazoezi kaacha. Kliniki alienda mara moja tu, wiki ya sita, hajarudi tena, anasema nauli ya Dar na hali ya sasa haviendani. Baridi ya huku unaijua, jioni nzima anakaa kwenye kigoda kaukumbatia mkaa. Na wiki ya tano baada ya upasuaji alimsaidia utingo kupandisha magunia mawili, lakini hilo aliniambia nisimwambie mtu.

Sasa makubwa. Jumapili iliyopita mama yake, ana miaka 77, aliteleza uani kwake Tukuyu, akavunjika shingo ya fupa la paja. Tumemleta Mbeya mjini. Daktari anataka kumbadilishia nusu ya nyonga na anasema yeye atatumia simenti. Shemeji yangu kasimama wodini mbele za watu akasema: "Kaka kawekewa bila simenti anaumwa, mama wanataka kumzibia na simenti kama choo. Wanatufanyia majaribio." Baba mdogo anasema mama ni mzee, arudi nyumbani afungwe na mtaalamu wa mifupa wa kijijini. Mume wangu kanyamaza, ila nimemkuta anaulizia mtu wa kumkanda na kumchanja chale pajani. Na mengine ya chumbani, Mama, tangu upasuaji tunalala kama kaka na dada.

Namba yangu nimeiandika nyuma ya barua. Nisaidie, wananiangalia mimi kwa sababu ndiye niliyesoma kidogo.

Mkamwana mwenye mzigo, Uyole

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa wagonjwa wawili ndani ya nyumba moja.

Wasomaji wajue kwanza kwamba suala la bibi sikulisubirisha hadi siku ya safu. Nilimpigia huyu dada usiku uleule barua iliponifikia, kwa sababu mzee aliyevunjika nyonga hana wiki ya kusubiri kikao cha ukoo. Nimefanya kazi wodi za mifupa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nitasema nilichokiona. Bibi anayelazwa chali nyumbani na mguu uliofungwa vijiti hafi kwa mfupa. Anakufa kwa nimonia, kwa vidonda vya mgongoni, kwa damu iliyoganda kwenye kigimbi ikapanda mapafuni. Wazee wanaovunjika nyonga ni wagonjwa wazito hata penye hospitali nzuri. Uingereza kwenyewe, karibu robo yao hawaumalizi mwaka. Ndiyo maana madaktari wanapenda upasuaji ufanyike ndani ya siku moja au mbili mgonjwa akishatulizwa, ili akalishwe, asimamishwe, apige hatua. Baba mdogo nia yake njema, lakini mtaalamu wa kijijini anaweza kunyoosha mkono wa mtoto, shingo ya fupa la paja haimsikii.

Sasa simenti. Shemeji yako aliposema "kama choo" nilicheka peke yangu, kisha nikaona si kosa lake. Sisi ndio tuliolichukua jina la kwenye ujenzi tukaliingiza wodini. Simenti ya mifupa haina uhusiano na mfuko unaonunua dukani. Ni aina ya plastiki, ndugu wa ile inayotengenezewa ufizi wa meno ya bandia. Inachanganywa palepale chumba cha upasuaji, unga na maji yake, inakuwa laini kama ugali wa mtoto, na ndani ya robo saa hivi imekuwa ngumu. Haigandishi kama gundi. Inajaza nafasi kati ya chuma na mfupa, inajibana kwenye vitundu vya mfupa, na mgonjwa anaweza kukanyaga hata kesho yake. Aliyeifanya njia hiyo iaminike duniani ni daktari Mwingereza, John Charnley, katika hospitali ya Wrightington, na mwaka 1962 ndio nyonga yake ilipokaa katika sura ambayo karibu zote zilizofuata zimeiiga.

Ikiwa ilifanya kazi, kwa nini wakatafuta ya bila simenti? Kwa sababu ya watu wa rika la mumeo. Vijana na watu wa makamo waliowekewa nyonga za simenti walirudi baada ya miaka na mfupa ulioliwa pembeni ya chuma, kifaa kinacheza. Wakalaumu simenti, mpaka ukapewa jina ugonjwa wa simenti. Baadaye ikagundulika sehemu kubwa ya lawama ilistahili plastiki ya kikombe cha nyonga: kichwa cha chuma kinaisugua kila hatua, unga wake mwembamba unaamsha chembe za mwili zinazokula mfupa. Plastiki ikaboreshwa, na zilizoanza kuwekwa mwishoni mwa miaka ya 1990 zinalika kidogo sana. Lakini wakati lawama hiyo ikizunguka, nyonga ya bila simenti ilikuwa imeshazaliwa, na ilipozoeleka watu waliona inawafaa wenye mfupa wenye nguvu.

Wewe umelima parachichi, basi nitakueleza kwa lugha ya kitaluni. Mche wa kubebesha unaujua. Unachonga kikonyo, unakiingiza kwenye shina, unafunga na nailoni. Siku ile kinashikiliwa na ile nailoni na ubano tu, hakuna uhai kati yao. Uhai unakuja wiki zinazofuata, kikiwa kimetulia. Upepo ukikitikisa, au mtoto akikishika shika kila asubuhi kuona kama kimeshika, kovu linaota katikati na hakishiki tena. Nyonga ya mumeo ni hivyohivyo. Ule mpini wa titani ulioingia ndani ya paja una ngozi ya kukwaruza yenye vitundu, na nyingi hupakwa haidroksiapataiti, madini yaleyale yanayoupa mfupa ugumu. Daktari anaupigilia mpaka unabana. Wiki 6 hadi 12 za mwanzo mfupa unaota kuingia kwenye vile vitundu, na kazi inaendelea kimyakimya kwa miezi. Sharti ni moja: utulivu. Chuma kikicheza kupita kama unene wa nywele mbili, mwili unaacha kuweka mfupa pale, unaweka nyama ya kovu. Na kovu halibebi mtu wa kilo 80.

Wiki ya tano, mwanangu. Magunia mawili. Umeiandika kwa sentensi moja halafu ukakimbilia habari ya mama mkwe, lakini mimi hapo ndipo nilipovaa miwani. Gunia la viazi la huko kwenu ni lumbesa, lina kilemba juu kinachoshonwa kwa kamba, linapita kilo 100. Huenda hayakudhuru chochote, maana si kila aliyekosea siku moja huharibikiwa. Lakini siri hiyo daktari lazima aipate, na aipate kutoka kwa mumeo mwenyewe.

Kwa sababu maumivu uliyoyaeleza yana maana mbili. Maumivu ya katikati ya paja yanajulikana sana kwa mipini ya bila simenti. Chuma ni kigumu kuliko mfupa, na pale ncha yake inapoishia mfupa unapinda tofauti na ulivyozoea, basi unalalamika. Wengi huyapata kwa kiasi, yanapungua yenyewe mwaka wa kwanza au wa pili, na mtu anaendelea na maisha. Hiyo ndiyo maana ya kwanza. Maana ya pili ni kwamba maumivu ya hatua za kwanza baada ya kuinuka, yanayotulia ukishatembea, ndiyo pia lugha ya mpini ambao haujashika. Mtu akianza kukanyaga, mpini unazama kidogo, ukishajikalia mahali pake unatulia. Mimi kwa barua siwezi kuzitenganisha hizo mbili, na fundi wa kukanda hawezi, na yule jirani ambaye shangazi yake aliumwa hivyohivyo akapona hawezi. Picha ndiyo inayoweza. Lakini si picha moja! Hapa watu wengi hupoteza hela. Daktari anahitaji picha ya siku ya upasuaji, ya wiki ya sita, na ya leo, aziweke pamoja apime kama chuma kimeshuka. Ikiwa kilishuka milimita chache mwanzoni kikasimama, mara nyingi anafurahi. Kikiwa bado kinashuka, hayo ni mazungumzo mengine. Atapima na damu kuona kama kuna maambukizi yaliyojificha.

Safari ya Dar si lazima kwa hatua hii. Daktari wa mifupa wa Mbeya mjini anaweza kuwapigia picha mpya na kuwasiliana na aliyempasua. Bahasha ya picha za zamani iko wapi? Naomba isiwe juu ya kabati inapovujiwa. Ndani yake au kwenye faili kuna karatasi zenye vibandiko vya kifaa, vinavyotaja aina na saizi ya kila kipande. Piga picha kwa simu, mtumie na mtoto mkubwa akutunzie. Miaka 20 ijayo kama kipande kimoja kitahitaji kubadilishwa, daktari wa wakati huo ataviulizia kabla hajashika kisu. Wenzetu wa ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi, wana daftari la taifa la kuandikisha viungo bandia tangu mwaka 2005. Wewe daftari lako ndiyo hiyo bahasha.

Umeniuliza kwenye simu kama pesa ya shamba imepotea. Hapana, sidhani. Madaftari ya namna hiyo ya Australia na Finland, yaliyochapishwa matokeo yake mwaka 2019, yanaonyesha nyonga bandia za kila aina zikichanganywa pamoja, 89 kati ya 100 bado zinafanya kazi baada ya miaka 15, 70 baada ya miaka 20, na 58 baada ya miaka 25. Ukitenganisha kwa umri ndipo jibu la shemeji linapoonekana. Kwa mtu wa umri wa mumeo, ya bila simenti haiko nyuma. Kwa mtu aliyevuka 75, hasa mwanamke ambaye mifupa imepungua, ya simenti inarudi hospitali mara chache zaidi. Ule mpini unaobana kwa kupigiliwa unaweza kuupasua mfupa mwembamba, ama siku ileile ama bibi akijikwaa mwezi ujao. Mwaka 2022 Waingereza walitangaza utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,200 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, waliovunjika kama bibi yenu na kubadilishiwa nusu ya nyonga. Mfupa kuvunjika kando ya kifaa ulitokea kwa asilimia 2.1 ya waliokosa simenti, na 0.5 ya waliotiwa. Waliotiwa pia walikuwa na maisha mazuri zaidi baada ya miezi minne.

Kwa hiyo daktari hawafanyii majaribio. Mama na mwana wana mifupa miwili tofauti, na kila mmoja kapewa inayomfaa. Simenti nayo ina ubaya wake, nisije nikaonekana wakala: wakati inasukumwa ndani, presha ya mgonjwa huweza kuporomoka ghafla, kwa hiyo mtu wa usingizi humkodolea macho dakika zile. Ikiwa bibi ana moyo mbovu, semeni kabla.

Turudi kwa baba watoto. Chale, hapana. Kukanda kwa nguvu, hapana. Wembe ule unapasua ngozi juu ya mguu wenye chuma ndani, na vijidudu vikipata njia ya kwenda kwenye chuma vinajenga kambi ambayo vidonge haviifikii. Nimeona mtu akitolewa nyonga nzima kwa maambukizi, akakaa miezi bila kiungo akisubiri nyingine. Hata jipu makalioni au jino lililooza litibiwe mapema. Na siku yoyote paja likiuma usiku akiwa amelala, akapata homa, kovu likatoa maji, mguu ukavimba, au akashindwa kabisa kukanyaga, hiyo si ya kusubiri Jumatatu.

Kigoda kiondoke. Kiondoe wewe, kigawe, kichome. Mtu wa nyonga mpya akikaa chini, magoti yakapanda juu ya kiuno huku anainamia jiko, kile kichwa kinaweza kuchomoka kwenye kikombe, na nyonga yake ina historia ya kuchomoka. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo mibaya zaidi, ameipita kwa bahati, lakini kwa nini ajaribu bahati kila jioni? Baridi ya Uyole ina dawa nyingine, blanketi na chai ya tangawizi. Na nina wasiwasi kuhusu choo. Kama chenu ni cha kuchuchumaa, fundi seremala atengeneze kiti kirefu chenye tundu, au kata kiti cha plastiki katikati ukiweke juu ya shimo. Wengi wanaona aibu kuuliza hili hospitalini, wauguzi nao wanasahau kulisema.

Mguu kuwa mrefu: mara nyingi si chuma kilichozidi. Amechechemea miaka mitatu, misuli ya upande ule ikajikunja na kiuno kikainama. Sasa mguu umerudishiwa urefu wake na mwili unauona mgeni. Asikimbilie kuongeza soli kwenye kiatu cha upande wa pili. Apimwe kwanza. Kinachonyoosha kiuno ni yale mazoezi aliyoyaacha, hasa ya kulala ubavu mzima na kuinua mguu wenye chuma pembeni polepole, na mengine aliyofundishwa na mtu wa fiziotherapia. Ila nayo yasubiri picha isomwe, yaanze kwa ruhusa. Fimbo ashike kwa mkono wa kulia, mkono ulio upande wa mguu mzima, si ule wa upande unaouma. Wanaume wengi hukosea hapo kisha husema fimbo haisaidii.

Fuso ni kazi yake, siwezi kumwambia aiache. Nyonga ya kushoto ndiyo mguu wa klachi, na kupanda na kushuka kwenye kabini ile ndefu ni mazoezi ya kutosha kwa siku, ukiongeza saa nyingi za kukaa bila kunyoosha mguu. Amuulize daktari baada ya picha. Ikikubalika, asimame kila baada ya saa mbili atembee, na gari liwe na utingo wa pili. Gunia, lumbesa au la kawaida, amelibeba la mwisho. Hilo sihitaji picha kulisema.

Na la chumbani. Mwanangu, hukulazimika kuona haya, nimeulizwa hilo na wachungaji. Kwa kawaida wiki ya sita au ya nane inatosha, mwanamume alale chali, wewe ndiye ubebe kazi, mguu wake usikunjwe sana wala kuvuka upande wa pili. Miezi saba ni hofu, si nyonga. Huenda anaogopa kitachomoka mbele yako, na huenda anaogopa kwamba dereva aliyeuza shamba la watoto sasa hana kazi wala mguu. Usimuulize kitandani. Muulize mkiwa njiani kwenda kupiga picha.

Nimesikia bibi alipasuliwa Jumatano na kesho yake alisimamishwa na wokea, akawa anawagombeza wauguzi kwa Kinyakyusa. Ndaga sana kwa habari hiyo. Atatoka wodini kabla fundi hajamaliza kazi yenu, kwa hiyo mwambie atengeneze viti viwili vya chooni, kimoja kiende Tukuyu.